Wiki ya Aprili na Wiki ya Novemba: Namna Ajira Inavyopimwa Mtwara na Lindi

Tangu nilipoanza kazi ya takwimu za ajira serikalini, na hasa tangu nilipopanda kuwa Mchumi Mwandamizi na kurudi kufanya kazi huku Kusini, swali ninaloulizwa kuliko yote ni moja: inakuwaje vijana washinde vijiweni kuanzia Mikindani mpaka Masasi, ilhali ripoti za Serikali zinasema kwamba wasio na ajira nchini ni kama mtu mmoja kati ya kumi? Wanaoniuliza ni walimu, madiwani na wazee wa msikitini, na hawaulizi kwa kutaka kunishinda kwa maneno. Wanauliza kwa sababu wanayoyaona hayafanani na wanayoyasoma. Nimeona niandike majibu yangu kwa kirefu, kwa kuwa barazani muda huwa hautoshi na mazungumzo hukatika kabla hayajafika mahali pa maana.

Kwa kifupi, ninaamini kwamba kiwango cha ukosefu wa ajira ni namba ya kweli, iliyopatikana kwa jasho la watu wengi waaminifu, lakini ni namba inayojibu swali jembamba sana. Kwa mikoa inayoishi kwa korosho, ufuta, chumvi na bahari, hiyo siyo namba ya kutazamwa kwanza. Ya kutazamwa kwanza ni saa ambazo mtu amefanya kazi, majira aliyoulizwa, na kama anajifanyia kazi mwenyewe, analipwa na mtu mwingine, au anaisaidia familia yake bila ujira. Hayo yote hukusanywa katika utafiti uleule wa nguvukazi, yaani jumla ya wenye ajira na wasio na ajira. Tatizo ni kwamba hayasomwi.

Vipimo vyenyewe havikutungwa Dodoma. Mwaka 1982, watakwimu wa kazi kutoka nchi mbalimbali walikutana Geneva chini ya Shirika la Kazi Duniani, katika mkutano wao wa 13, wakakubaliana kwamba mwenye ajira ni mtu aliyefanya kazi ya uzalishaji walau saa moja katika kipindi kifupi cha rejea, ambacho katika tafiti nyingi ni siku saba zilizotangulia siku ya mahojiano. Asiye na ajira akatakiwa kutimiza masharti matatu kwa pamoja: awe hakufanya hata hiyo saa moja, awe tayari kufanya kazi, na awe ameitafuta. Watu wengi wakisikia habari ya saa moja hushtuka, wakaona kwamba Serikali inaficha tatizo. Mimi ninaitetea saa hiyo moja. Lengo lake ni kwamba kila jasho lililozalisha kitu lionekane katika hesabu za taifa, likiwemo la mama aliyeuza visheti jioni mbili tu kwa wiki, na kwamba nchi zote zikate mahali pamoja ili ziweze kulinganishwa. Tukisema tuanzie saa kumi au ishirini, tutakuwa tumefuta kwa kalamu kazi ya maelfu ya wavuvi na wachuuzi, kisha kila nchi itachagua mpaka unaoipendeza. Kosa haliko katika saa moja. Kosa huanza pale msomaji anapodhani kuwa mtu aliyehesabiwa ana ajira basi ana riziki ya kumtosha.

Sharti la kutafuta kazi ndilo linalogongana na maisha ya huku. Kijana wa Kitangari au Nanyamba ataitafuta wapi kazi? Kwa watu wengi hakuna ofisi ya kupeleka barua, hakuna kiwanda cha kusimama langoni asubuhi, na kazi za kibarua hutangazwa kwa mdomo zinapokuwapo, basi. Kijana huyo akiulizwa kama alitafuta kazi wiki iliyopita atajibu kwa haki kabisa kwamba hakutafuta. Kwa kipimo kikali cha kimataifa, jibu hilo linamtoa kwenye kundi la wasio na ajira na kumweka nje ya nguvukazi, pamoja na wanafunzi na wazee waliostaafu. Kwa sababu hiyo Tanzania imekuwa ikitumia pia tafsiri yake ya kitaifa, ambayo huwahesabu wasio na kazi walio tayari kufanya kazi hata kama hawakuitafuta. Kwa tafsiri hiyo, viwango vilivyochapishwa kwa Tanzania Bara vilikuwa asilimia 12.9 katika utafiti wa 2000/01, asilimia 11.7 mwaka 2006, na asilimia 10.3 mwaka 2014. Anayenukuu namba bila kutaja ni tafsiri ipi anaweza kukuta mwenzake ana namba nyingine kabisa kutoka utafiti uleule, wakagombana bure hali wote wawili wamesoma vizuri.

Sasa tuje kwenye majira, maana hapa ndipo Kusini inapotofautiana na maeneo yenye mishahara ya kila mwezi.

Mkulima wa korosho wa Tandahimba ana mwaka wenye mabonde na vilima. Mvua zikikatika anafyeka shamba na kupogoa mikorosho. Kuanzia mnamo Juni anapulizia salfa na viuatilifu vingine, kazi ya alfajiri, kabla upepo haujachachamaa, na inayohitaji mashine, mafuta na vijana wenye nguvu. Oktoba mpaka Desemba ni kuokota, kukausha, kupeleka kwenye chama cha msingi cha ushirika, na kusubiri mnada. Wakati huohuo mvua zinaanza na mihogo, mtama na mpunga vinadai mikono. Lindi mzunguko una sura nyingine tena, kwa kuwa ufuta wa Kilwa, Nachingwea na Liwale huvunwa katikati ya mwaka, hivyo Juni ambayo kwa jirani yake ni mwezi wa dawa, kwake ni mwezi wa mavuno na minada. Sasa peleka dodoso lenye wiki moja ya rejea katika nyumba ileile, mara moja Aprili na mara moja Novemba. Novemba utakuta watu watano wana ajira, pamoja na bibi anayeokota chini ya mikorosho na mjukuu wa miaka kumi na sita. Aprili utakuta wawili. Familia ni ileile, shamba ni lilelile, na hakuna aliyefukuzwa wala kuajiriwa.

Ndiyo maana ninashikilia sana kanuni ya kuitawanya kazi ya uwandani katika mwaka mzima. Utafiti wa mwaka 2014 ulifanyika hivyo, miezi kumi na miwili, ili korosho, ufuta na msimu wa njaa wa Januari na Februari vyote viwe na sehemu yao katika wastani. Utafiti wa namna hiyo ni ghali. Magari, posho, matengenezo ya vifaa, vyote vinatakiwa mwaka mzima, na kila bajeti inapobana kuna mtu atakayependekeza kwamba tukusanye kila kitu kwa miezi miwili ya kiangazi wakati barabara zinapitika. Kwa mikoa hii pendekezo hilo lina madhara makubwa, na katika vikao nimelipinga kwa nguvu zangu zote. Takwimu zilizokusanywa Agosti peke yake zingetuonyesha nchi ambayo haipo.

Mdadisi mzuri, yaani anayepita kwenye kaya kuhoji, anajua pia kwamba hatakiwi kuuliza tu kama mtu ana kazi. Mama wa kijijini akiulizwa hivyo hujibu, “Sina kazi, mwanangu, mimi nalima tu,” na mdadisi mvivu ataandika kuwa hana ajira, akaenda zake. Dodoso limetungwa ili liulize shughuli moja baada ya nyingine: wiki iliyopita ulilima, ulifuga, ulivua, uliuza chochote, ulimsaidia mwanafamilia kwenye biashara yake, ulifanya kibarua hata kwa siku moja? Kisha linauliza saa. Kisha linauliza mazao yale ni ya kuuza au ya kula. Katika mafunzo ya wadadisi huwa ninatumia muda mrefu kuliko wenzangu wanavyopenda kwenye maswali haya matatu, kwa sababu mdadisi akishayakosea uwandani, hakuna programu ya kompyuta itakayoyarekebisha huku ofisini.

Swali la kuuza au kula limekuwa zito zaidi tangu mwaka 2013. Mwaka huo, katika mkutano wa 19, watakwimu wa kazi walibadilisha mpaka: kazi ya kuzalisha kwa ajili ya matumizi ya nyumbani ikabaki kuitwa kazi, lakini ikaondolewa kwenye ajira, ambayo sasa ni ile inayofanywa kwa malipo au kwa faida. Ninakubaliana na shabaha ya mabadiliko hayo. Kwa mara ya kwanza kazi ya kuteka maji, kutafuta kuni, kupika na kulea imepewa jina na mahali pake, isihesabiwe kama mapumziko. Lakini tazama linalotokea kwa mwanamke wa mwambao wa Kilwa. Maji yakitoka wakati wa bamvua anashuka miambani kuokota pweza. Wanaofika sokoni ni ajira, wanaopikwa nyumbani si ajira. Mwani wake ni ajira, kwa kuwa haupikwi, unauzwa wote. Shamba lake la mihogo si ajira ikiwa sehemu kubwa ni ya chakula. Kwa wiki moja amefanya kazi tangu alfajiri mpaka usiku, na jibu la kuwa ana ajira au hana linaweza kutegemea samaki aliowauza siku moja.

Kwa hiyo nchi inapohamia kwenye mpaka mpya, idadi ya wanawake wenye ajira vijijini inaweza kushuka ghafla bila maisha ya mtu yeyote kubadilika. Mwandishi wa habari asiyejua atasema wanawake wamepoteza ajira. Mwanasiasa asiyejua atatafuta wa kumlaumu. Msimamo wangu ni kwamba kila jedwali linalotumia mpaka mpya lazima lichapishwe pamoja na la mpaka wa zamani kwa muda wa kutosha, na jedwali la kazi zisizo na malipo liwekwe mbele ya ripoti, lisizikwe kwenye viambatisho. Tafiti za 2006 na 2014 ziliuliza pia namna watu wanavyoyatumia masaa ishirini na manne ya siku. Ninaziona sehemu hizo kuwa miongoni mwa vitu vya thamani kubwa tulivyowahi kukusanya, na ninasikitika kwamba hutajwa mara chache sana katika mipango ya halmashauri.

Kuna jambo jingine ambalo linawaudhi viongozi, na ninalieleza bila kuchoka. Kiongozi mmoja aliwahi kunitaka nimpe kiwango cha ukosefu wa ajira kwa vijana wa mkoa mmoja wa Kusini ili akitaje kwenye hotuba yake. Nilimwambia kwamba namba hiyo, kwa usahihi unaostahili hotuba, utafiti ule haukuweza kuitoa. Utafiti wa 2014 ulichagua maeneo 480 ya kuhesabia watu na kaya 11,520 kwa Tanzania Bara nzima, na uliundwa utoe makisio kwa makundi matatu: Dar es Salaam, miji mingine, na vijijini. Maeneo ya vijijini yalikuwa 192. Ukiyagawanya kwa mikoa 25 iliyokuwapo Bara wakati ule, wastani haufikii maeneo manane kwa mkoa. Katika kaya za maeneo hayo, vijana wasio na ajira watakuwa wachache mno, na ukikokotoa asilimia kutoka kwao utapata namba ambayo ingebadilika kabisa kama kura ya sampuli ingeangukia kijiji cha pili. Hakufurahi. Alisema, “Ndugu yangu, hata makadirio?” Nikamjibu kwamba makadirio yangu ya mezani yakishatamkwa jukwaani yatageuka kuwa takwimu rasmi, na mwaka wa pili yatatumika kugawa fedha.

Sisi wa Kusini tuna sababu yetu ya kuogopa namba za mezani. Mradi wa karanga wa Waingereza, uliofika mpaka Nachingwea, ulianza mwaka 1947 kwa mahesabu makubwa yaliyofanywa haraka kuliko ardhi na mvua zilivyopimwa, ukavunjwa mwaka 1951, na reli iliyojengwa kwa ajili yake kutoka Mtwara iling'olewa baadaye. Kila ninaposhawishika kujaza pengo la jedwali kwa kukisia, hukumbuka ile reli.

Mtwara ilikuwa na wakazi 1,634,947 na Lindi 1,194,028 katika sensa ya mwaka 2022. Mikoa yenye watu wengi hivyo inastahili makisio yake yenyewe ya nguvukazi, na njia ya kuyapata ni kuongeza sampuli. Kwa upande wa kilimo jambo hilo limekwisha kufanyika: sensa ya kilimo ya 2019/20 ilipangwa itoe takwimu za kila mkoa. Kwa hiyo ninapoambiwa kwamba haiwezekani kwa upande wa ajira, ninaelewa kwamba kinachosemwa ni kuwa haijapewa kipaumbele.

Habari ya gesi na saruji nitaipita kwa haraka, ingawa ndiyo wageni huiulizia kwanza. Ujenzi wa bomba la gesi kutoka Mtwara mpaka Dar es Salaam, uliokamilika mwaka 2015, na ujenzi wa kiwanda cha saruji cha Dangote uliokuwa ukiendelea miaka hiyohiyo, ulileta mikataba mingi ya muda. Ujenzi ukiisha mikataba huisha, kwa kuwa mtambo wa kusafisha gesi unahitaji watu wachache wenye ujuzi maalumu. Takwimu zinazokusanywa kwa waajiri huonyesha vizuri kupanda na kushuka kwa namna hiyo, kwa sababu waajiri wakubwa wana orodha za mishahara. Hazimwonyeshi mama lishe aliyekuwa akiwauzia chakula mafundi na ambaye wateja wake waliondoka kwa mara moja. Huyo anaonekana kwenye utafiti wa kaya tu.

Tena wako wasioonekana vizuri hata huko. Wakati wa msimu, mnunuzi wa kangomba, anayechukua korosho za mkulima kwa bei ya kutupa kabla ya mnada, anafanya biashara iliyokatazwa. Je, atamweleza mdadisi aliyeongozana na mwenyekiti wa kitongoji? Sheria ya Takwimu inatufunga tusitoe taarifa za mtu mmoja mmoja kwa yeyote, awe polisi, awe mtoza kodi, awe mkuu wangu wa kazi, na taarifa zenyewe zitumike kwa shughuli za kitakwimu peke yake. Ninawasisitizia wadadisi waieleze ahadi hiyo kwa maneno ya kawaida, polepole, kisha wamwombe mwenyekiti kwa adabu awaache wafanye mahojiano faragha. Wazee wengi wa vitongoji huelewa wakiamkiwa na kuelezwa vizuri. Ahadi hii ndiyo mtaji wote tulionao. Siku taarifa ya kaya moja itakapovuja katika kijiji kimoja cha Newala, vijiji vya jirani vitatujibu uongo kwa miaka mingi, na hatutajua.

Halafu wako waliokwisha kuondoka. Kijana wa Ruangwa aliyechoka kungoja msimu hapandi daftari la wasio na ajira la Ruangwa, anapanda basi. Akishaishi Mbagala, anahesabiwa katika kaya ya Mbagala, kama mchuuzi, kama dereva wa bodaboda, au kama asiye na ajira wa mjini. Kwa hiyo kiwango kidogo cha ukosefu wa ajira katika wilaya za vijijini kinaweza kuwa na maana kwamba wenye shida wamekwishahama. Anayetaka kuijua hali ya vijana wa Kusini inampasa asome pia majedwali ya uhamiaji ya sensa, na atazame umri wa waliobaki.

Nikirudi kwa wale vijana wa kijiweni, wengi wao kwa vipimo vyetu wana ajira. Wiki iliyopita mmoja alipakia magunia ghalani siku mbili, mwingine aliendesha pikipiki ya mwenziwe jioni, wa tatu alimsaidia mjomba wake kufyeka. Wanahesabiwa, na ni haki wahesabiwe. Lakini jedwali linalowahusu hasa ni la ajira pungufu: watu waliofanya kazi saa chache kuliko kiwango kilichowekwa, wanaotaka saa zaidi, na walio tayari kuzifanya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamwekea mwajiriwa kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki. Kijana wa ghalani anatafuta namna ya kuzifikia nusu ya hizo nje ya msimu. Shida yake haitatibiwa na mpango unaolenga wasio na ajira kabisa. Itatibiwa na kazi inayojaza miezi mitupu, na mfano wake uko mbele ya macho yetu: korosho ghafi ikibanguliwa hukuhuku, ubanguaji unaweza kuendelea miezi mingi baada ya mnada wa mwisho, na kwa desturi kazi hiyo imeajiri wanawake wengi. Kila shehena inayopita bandarini Mtwara ikiwa na maganda yake imebeba pia saa za kazi ambazo jedwali la ajira pungufu linaonyesha kwamba tunazihitaji.

Kwa afisa mipango wa halmashauri asiyetaka kungoja utafiti mwingine wa taifa, ninashauri aanzie mahali pawili. Vyama vya msingi vina kumbukumbu za kilo na malipo ya kila mkulima tangu mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mkulima hukabidhi korosho ghalani na kupewa stakabadhi mpaka ziuzwe mnadani, ulipoanza mkoani Mtwara katika msimu wa 2007/08. Hizo zitampa ukubwa na tarehe za msimu, kijiji kwa kijiji, ingawa hazitampa saa za kazi wala kumwonyesha kibarua asiye na shamba. Pengo hilo anaweza kulijaza kwa dodoso fupi, lenye maswali ya shughuli, saa, na utayari wa kufanya kazi zaidi, kwa kaya zilizochaguliwa kwa kura badala ya zile anazopendekeza mtendaji, na kaya hizohizo ziulizwe tena kila robo ya mwaka. Mzunguko wa kwanza uwe Machi au Aprili, kabla ya kufyeka kupamba moto, na asichapishe wastani wowote mpaka Novemba iwe imeingia kwenye hesabu.